Word haionyeshi masahihisho, majina yote yamekuwa "Author", kitufe kimegoma: leteni matatizo yenu ya Track Changes hapa

Kalamu ya Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu.

Msimu wa kuwasilisha tasnifu ukikaribia, malalamiko ni yale yale kila kona. "Nimerekebisha sura nzima, msimamizi anasema haoni kilichobadilika." "Nimeondoa mistari myekundu yote, nikimtumia mtu faili anaiona." "Nani kafuta kifungu cha malipo kwenye mkataba?" Mimi nahariri tasnifu, ripoti na mikataba, ndiyo kazi inayoniweka mjini. Nimeona mwanafunzi akiitwa mvivu na karani akishukiwa kuchezea waraka, kumbe shida ni mpangilio wa Track Changes, ile sehemu ya Word inayorekodi mabadiliko kwenye waraka, ambao hakuna aliyewahi kuwafafanulia. Hilo linaniuma, kwa sababu ni mambo ya kueleweka ndani ya nusu saa.

Majina ya vitufe nitayaacha kama yalivyo kwenye skrini, maana wengi wetu tunatumia Word ya Kiingereza na ndivyo mtakavyoyakuta.

Tuanze na jambo ambalo ukilishika, sehemu kubwa ya kero hizi inakwisha. Kurekodi mabadiliko ni kitu kimoja, kuyaonyesha ni kitu kingine. Word imevitenganisha kabisa, lakini vitufe vyake vimekaa jirani, ndiyo maana watu wanavichanganya.

Kurekodi kunafanywa na kitufe cha Track Changes kwenye kichupo cha Review. Njia ya mkato ni Ctrl+Shift+E, na kwenye Mac ni Command+Shift+E. Kikiwashwa, kila unachoongeza kinabandikwa jina lako, tarehe na saa. Unachofuta hakiondoki, kinawekewa alama tu kwamba kimefutwa na kinaendelea kuishi ndani ya faili mpaka mtu aamue hatima yake.

Kuonyesha ni ile menyu ndogo pembeni yake yenye Simple Markup, All Markup, No Markup na Original. Menyu hii haigusi chochote ndani ya faili. Ukichagua No Markup, waraka unaonekana safi kama umetoka kupigwa chapa leo, lakini umefunga pazia tu, vyombo vyote bado vimo chumbani. Anayepokea faili akichagua All Markup anaona kila kitu, pamoja na sentensi uliyoandika kwa hasira kisha ukaifuta.

Kuanzia Word 2013 mwonekano wa kawaida ni Simple Markup. Hapo huoni maneno mekundu wala yaliyokatwa, unaona kijistari chekundu pembeni mwa aya basi. Msimamizi aliyezoea Word ya zamani anafungua, haoni rangi, anaandika "hujarekebisha". Mwambie abofye kile kijistari mara moja, au achague All Markup. Wenye Word 2010 kurudi nyuma watakuta majina mengine: Final: Show Markup, Final, Original: Show Markup na Original. Kazi ni ile ile.

Na kama bado haoni, afungue Show Markup. Ndani yake kuna alama za tiki: Comments, Insertions and Deletions, Formatting, na chini yake Specific People. Tiki ya jina lako ikiwa imeondolewa, masahihisho yako yote yanafichwa na ya wengine yanabaki.

Ukitaka kujiridhisha kwamba mambo yamo ndani ya faili hata yasipoonekana, chukua nakala ya faili (nakala, si faili lenyewe), badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, kisha ulifungue. Ndani kuna folda inayoitwa word na humo utakuta document.xml. Lifungue kwa kivinjari, utafute w:ins na w:del. Utaona maneno yaliyoongezwa na yaliyofutwa, kila moja na jina la aliyefanya na tarehe. Kumbe docx ni furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja, hakuna uchawi humo.

Njia ya kuyaondoa kweli kweli ni kuamua: Accept au Reject, moja moja au yote kwa pamoja. Mengine yote ni kuficha.

Karibuni, wekeni tatizo lako na toleo la Word unalotumia. Nitajibu kadiri ninavyopata nafasi.

Mwana Masters

Mkuu, shikamoo kwa elimu hii. Mimi tatizo langu ni kinyume. Nilirekebisha sura ya tatu na ya nne nikidhani kitufe kimewaka, kumbe kilikuwa kimezimwa. Msimamizi anataka aone nilichobadilisha, na sikumbuki tena. Natakiwa kurudisha kazi wiki hii. Nifanyeje?

Kalamu ya Pwani

Marahaba. Tulia, kazi yako haijapotea.

Unalo faili lile la mwisho msimamizi alilokutumia? Litafute kwenye barua pepe, lipo. Fungua Word, nenda Review, kisha Compare, chagua Compare tena. Kwenye Original document weka faili la msimamizi, kwenye Revised document weka la kwako. Pale kwenye Label changes with andika jina lako. Bofya More, na kama ulibadilisha fonti au nafasi za mistari, ondoa tiki ya Formatting ili msimamizi asizamishwe na mambo madogo. Chini kabisa chagua New document ili mafaili yako mawili yabaki kama yalivyo.

Word itakutengenezea waraka wa tatu wenye masahihisho yote, kana kwamba Track Changes ilikuwa inawaka tangu mwanzo. Wanasheria wanaitumia sana njia hii.

Ila kuna tahadhari. Kama moja ya mafaili hayo tayari lina masahihisho ambayo hayajaamuliwa, Compare inayahesabu kana kwamba yamekubaliwa. Kwa hiyo mapendekezo ya msimamizi uliyotaka kuyakataa yataingia kama maandishi ya kawaida. Yaamue kwanza kwenye nakala, ndipo ulinganishe. Pia matokeo yake yote yanabeba jina moja. Kama mlikuwa watu watatu kwenye faili, Compare haitajua nani kafanya nini.

Na angalia jambo hili pia, linawapata wengi sasa. Kwenye Microsoft 365, ukibofya kishale cha Track Changes unapata For Everyone na Just Mine. Msimamizi wako akiwasha Just Mine, yanarekodiwa ya kwake tu. Wewe ukiandika kwenye faili hilo hilo hakuna kinachorekodiwa, na kila mmoja atakuwa na hakika kwamba kitufe kilikuwa kinawaka. Kubalianeni mapema iwe For Everyone.

Karani wa Masijala

Ofisini kwetu tumezungusha ripoti kwa maofisa watano. Imerudi, masahihisho yote yameandikwa "Author". Juzi yalikuwa na majina. Bosi anataka kujua nani kabadilisha bajeti. Naomba msaada, hapa nimeshaanza kuangaliwa vibaya.

Kalamu ya Pwani

Pole sana ndugu. Hakuna aliyefuta majina kwa mkono. Kuna mtu kati ya hao watano alipitisha faili kwenye Document Inspector, ile ya File, Info, Check for Issues, Inspect Document, akaondoa taarifa binafsi. Au faili lilitokana na kiolezo ambacho mpangilio huo umeshawashwa. Tangu hapo, kila faili linapohifadhiwa, majina yanafutwa na kuwekwa "Author". Ndiyo maana ukiandika sasa hivi jina lako linaonekana, lakini ukihifadhi na kufungua tena limepotea.

Kuzima: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, Privacy Options. Ondoa tiki kwenye Remove personal information from file properties on save. Mpangilio huu unakaa ndani ya faili husika, haukai kwenye kompyuta, kwa hiyo lazima uwe umefungua faili hilo hilo lenye tatizo. Ukifungua faili jingine utakuta kisanduku kimefifia na utadhani nimekudanganya.

Sasa habari ngumu. Majina yaliyokwisha kufutwa hayarudi. Hakuna kitufe cha kuyarudisha, na ukikuta mtu anauza programu ya kuyafufua usimpe hela. Dawa ni kutafuta nakala za kabla. Kila ofisa alipokea faili kwa barua pepe na akalituma mbele. Kusanya zile nakala za njiani, utaona kwenye ipi majina bado yapo. Kama kila mmoja anayo yake, tumia Review, Compare, Combine: Combine inaunganisha masahihisho ya watu tofauti huku ikihifadhi majina yao. Na mweleze bosi kabla hajamhoji mtu yeyote. Neno "Author" kwenye bajeti halithibitishi kwamba mtu alitaka kujificha.

Usichanganye hili na tatizo jingine linalofanana nalo, la masahihisho kuja na jina kama "User", "HP" au la mwenye duka la kuchapa (stationery). Hilo ni jina lililowekwa kwenye kompyuta uliyotumia. Nenda File, Options, General, uandike jina lako kwenye User name. Kama umeingia na akaunti ya Microsoft, weka tiki Always use these values regardless of sign in to Office, la sivyo jina la akaunti litashinda. Hii inabadilisha masahihisho yajayo tu, ya nyuma yanabaki na jina lake.

Halafu rangi. Watu wanaandika "mimi ni mwekundu, yeye ni bluu" kwenye maelezo ya ofisi. Rangi zinagawiwa na Word kwenye kila kompyuta, si mali ya mtu. Kwako naweza kuwa mwekundu, kwa bosi nikawa kijani. Tajeni majina.

Wakili Mdogo

Nashukuru kwa uzi huu. Kwenye mikataba hofu yetu ni ile ya kutuma faili upande wa pili likiwa na masahihisho ya ndani. Je, kubadilisha kuwa PDF kunatosha?

Kalamu ya Pwani

Wakili, hofu yako ina msingi, na haijawapata wadogo peke yao. Oktoba 2005 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na mwendesha mashtaka Mjerumani Detlev Mehlis ilitoa ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya Rafik Hariri, waziri mkuu wa zamani wa Lebanon. Nakala ya Word iliyosambazwa ilikuwa bado na masahihisho yake ndani. Waandishi wa habari wakayafungua, wakaona majina yaliyoondolewa, yakiwemo ya Maher al-Assad na Assef Shawkat, ndugu na shemeji wa rais wa Syria wa wakati huo. Ripoti yenyewe haikuwataja pale, lakini dunia nzima ikawa imesoma. Mehlis alilazimika kujieleza mbele ya wanahabari. Mwaka mmoja kabla, 2004, kampuni ya SCO Group ya Marekani iliishtaki DaimlerChrysler, na ndani ya faili la Word la mashtaka ikaonekana kwamba rasimu ya awali ilikuwa imeilenga Bank of America.

Waliotoa nyaraka hizo walikuwa na wanasheria na wataalamu wa kila aina. Kilichokosekana ni mtu wa kubofya All Markup kabla faili halijatoka.

Kuhusu PDF: inategemea ulivyoitengeneza. Ukihifadhi PDF wakati All Markup inaonekana, masahihisho na maoni ya pembeni yanachapwa ndani ya PDF kama yalivyo. Hata kwenye kuchapa karatasi kuna mpangilio unaoitwa Print Markup, uangalie chini ya File, Print.

Ninavyofanya mimi na mikataba ya wateja ni hivi. Nahifadhi nakala ya ndani yenye historia yote. Natengeneza nakala ya pili kwa jina jingine. Kwenye hiyo ya pili nachagua All Markup, nahakikisha Show Markup ina tiki zote, na Specific People iko All Reviewers, kisha nafungua Reviewing Pane, ambayo inaniorodheshea kila badiliko lililobaki, hata lililojificha kwenye vichwa vya kurasa, tanbihi na visanduku vya maandishi. Naamua yote, nafuta maoni yote, mpaka orodha iwe tupu. Ndipo inatoka.

Pale Privacy Options nilipomwelekeza Karani kuna visanduku viwili nakusihi uviwekee tiki leo hii. Kimoja ni Warn before printing, saving or sending a file that contains tracked changes or comments. Kingine ni Make hidden markup visible when opening or saving, ambacho kinakufunulia yaliyofichwa kila ufunguapo faili. Watu wengine wanakilalamikia hiki cha pili, "nikificha yanarudi tena". Kwa kazi yako wakili, acha yarudi.

Mfasiri

Mkuu kwangu kitufe cha Track Changes kimefifia kabisa, hakibofyeki. Accept na Reject navyo vimefifia. Nimezima na kuwasha kompyuta, wapi.

Kalamu ya Pwani

Kuzima kompyuta hakutasaidia, zuio limo ndani ya faili. Anza juu: kuna ukanda wa njano umeandikwa Enable Editing? Faili lililotoka kwenye intaneti au barua pepe hufunguka likiwa limefungwa kwa usalama. Kama unamwamini aliyetuma, bofya hapo.

Kama hakuna ukanda, nenda Review, Restrict Editing. Ukikuta kitufe cha Stop Protection chini, basi mwenye faili ameliwekea ulinzi. Mara nyingi mashirika yanayotoa kazi ya tafsiri au uhariri huchagua Tracked changes pale, maana yake wewe unaandika, kila kitu kinarekodiwa, na huruhusiwi kukubali wala kukataa. Ikiomba nywila, mwombe aliyekutumia. Si vizuri kuizunguka, huo ni uamuzi wake.

La tatu ni Lock Tracking, iko chini ya kishale cha Track Changes. Hapo rekodi inawaka na haizimiki mpaka afungue aliyeifunga. Wanaoitegemea kama ulinzi wajue kwamba dirisha lake lenyewe linasema si kipengele cha usalama. Mtu anaweza kunakili maandishi yote kwenye faili jipya akaendelea na yake. Ndiyo maana mkataba ukirudi, mimi naulinganisha kwa Compare na nakala yangu hata kama niliufunga.

Mwana Masters

Nimerudi kutoa ushuhuda. Compare imefanya kazi, nimemtumia msimamizi. Ila sasa faili lina masahihisho mengi mno, linafunguka kwa shida, na yaliyo mengi yanasema "Formatted". Na jedwali la yaliyomo lote limekuwa jekundu.

Kalamu ya Pwani

Hongera mkuu! Hayo ya "Formatted" ni mabadiliko ya umbo: fonti, nafasi, mpangilio wa aya. Kwenye tasnifu yanafunika masahihisho ya maana, msimamizi anachoka kabla hajafika kwenye hoja. Yaondoe hivi: kwenye Show Markup ondoa tiki ya Comments na ya Insertions and Deletions, bakiza Formatting. Kisha bofya kishale cha chini ya Accept, uchague Accept All Changes Shown. Angalia neno hilo Shown, linakubali yanayoonekana tu. Usichague Accept All Changes, hiyo itameza kila kitu. Rudisha tiki zako, utakuta masahihisho ya maneno yako salama.

Ili yasirudi, bofya kishale kidogo kwenye kona ya kundi la Tracking, Advanced Options, uondoe tiki ya Track formatting.

Jedwali la yaliyomo limekuwa jekundu kwa sababu ukilisasisha huku rekodi inawaka, Word inahesabu limefutwa na kuandikwa upya. Zima Track Changes, lisasishe kwa F9, washa tena.

Jambo moja ambalo linatisha wengi bure: ukiandika sentensi mpya halafu ukaifuta mwenyewe, inapotea bila alama. Rekodi haijafa. Sentensi hiyo haikuwahi kuwa sehemu ya maandishi ya mwanzo, hivyo hakuna cha kuonyesha. Ukifuta maneno ambayo mtu mwingine ameyaongeza, hapo utaona yamekatwa.

Mdau wa Simu

Sisi tusio na laptopu je? Natumia simu, na mwenzangu ana LibreOffice kwa kuwa hana leseni ya Word.

Kalamu ya Pwani

Mpo kwenye uzi sahihi. Word ya simu ina Track Changes kwenye kichupo cha Review, ila skrini ndogo inaficha mengi, kwa hiyo tumia kuandika, na kuamua ya kukubali subiri upate skrini kubwa. Kwenye Google Docs badilisha kutoka Editing kwenda Suggesting. Ukipakua kama docx, mapendekezo yanageuka masahihisho ya Word, na docx yenye masahihisho ukiipandisha yanakuja kama mapendekezo.

LibreOffice Writer ina mambo yote haya chini ya Edit, Track Changes. Record ni kurekodi, Ctrl+Shift+C. Show ni kuonyesha. Manage ni orodha ya kukubali na kukataa. Mwambie mwenzako ahifadhi kwa docx mnapobadilishana, na baada ya mzunguko wa kwanza mfungue wote wawili mlinganishe idadi ya masahihisho mnayoona, hasa kwenye majedwali. Kugawanya na kuunganisha seli ni mambo ambayo hata Word yenyewe haiyarekodi vizuri, kwa hiyo badiliko la jedwali liandikieni maoni pembeni.

Mfasiri

Ilikuwa Restrict Editing, nimepewa nywila. Asante sana. La mwisho: nataka kuhamisha kurasa mbili zenye masahihisho kwenda faili jingine. Nikibandika yanakuja yakiwa safi, historia yote imepotea.

Kalamu ya Pwani

Zima Track Changes kwenye mafaili yote mawili, kule unakonakili na kule unakobandika, kisha nakili upya ukiwa kwenye All Markup. Ikiwa inawaka kwenye faili la kwanza, Word inabeba maandishi kana kwamba yote yamekubaliwa. Ikizimwa pande zote, masahihisho yanasafiri pamoja na majina na tarehe zake. Ukimaliza kubandika, washa tena kule ulikobandika kabla hujaendelea kuandika, maana kitakachoandikwa kikiwa kimezimwa hakitakuwa na jina la mtu.